Pafu likishakatwa, itazame chupa

Saratani ya mapafu ikinaswa mapema, kabla haijaingia kwenye tezi za limfu, upasuaji ndio tiba ya kwanza kwa anayeweza kuuhimili. Kwa miaka mingi ilikuwa ni kutoa lobu nzima, yaani sehemu kubwa ya pafu: pafu la kulia lina tatu, la kushoto mbili. Siku hizi uvimbe mdogo wa pembezoni, usiozidi sentimita 2, mara nyingi huondolewa na segmenti yake tu, yaani kipande kidogo cha lobu. Lakini tezi za limfu lazima zichukuliwe na kupimwa, za kwenye shina la pafu na za katikati ya kifua. Bila hizo, kusema saratani iko "hatua ya kwanza" ni kubahatisha.

Kabla ya kisu hesabu ya pumzi itakayobaki hufanywa, na si ngumu. Mapafu yote yana segmenti 19. Lobu ya juu kulia ina 3, kwa hiyo ikitolewa zitabaki 16. Mwenye nguvu ya pumzi ya asilimia 80 ya kiwango cha kawaida atabakiwa na kama 67. Ikishuka chini ya 60, vipimo zaidi vinahitajika.

Wengi huogopa chumba cha upasuaji, ilhali kinachowachelewesha wodini ni hewa inayovuja pale pafu liliposhonwa. Mpira wa kutolea hewa hiyo hutoka kifuani hadi kwenye chupa ya maji, ncha yake ikizama kama sentimita 2 majini. Mgonjwa akivuta pumzi, maji hupanda mpirani, akiitoa, hushuka. Yakitulia kabisa, ama pafu limejaa vizuri, ama mpira umejikunja chini ya ubavu wake. Anza kwa kuutazama mpira.

Mapovu wakati wa kukohoa yana maana pafu bado linavuja. Yakitoka mfululizo, kagua kwanza viungio vya mpira. Mara nyingine kosa liko hapo tu. Yakipita siku 5, uvujaji huo umekuwa wa muda mrefu. Usibane mpira unaotoa mapovu hata wakati wa kumhamisha mgonjwa: hewa itajaa kifuani na kuugandamiza moyo. Chupa nayo ibaki chini ya usawa wa kifua, la sivyo maji yatarudi ndani.

Halafu maumivu. Dawa zikipunguzwa kwa kubania, mgonjwa hakohoi, makohozi yanaganda, nimonia inaingia. Mpe mto aukumbatie upande wa kidonda, akohoe kwa nguvu, na siku ya pili awe ameshatembea, chupa mkononi.