Kutoka Ryogoku hadi Daraja la Hiroshige

Nilishuka katika stesheni ya Ryogoku, mashariki mwa Tokyo, asubuhi ya mawingu, nikatembea dakika chache hadi Makumbusho ya Hokusai ya Sumida, jengo la aluminiamu lililofunguliwa mwaka 2016 katika eneo alikozaliwa mchoraji huyo mwaka 1760. Nilikuwa nimeifuata picha moja tu, lile wimbi kubwa la Kanagawa lililochapwa yapata mwaka 1831, Hokusai akiwa na miaka kama sabini na buluu ya Prusia ikiwa bado rangi ngeni machoni pa Wajapani.

Katika maonyesho ya kudumu nilikuta nakala za kisasa, kwa kuwa mwanga hufifisha rangi za zamani. Mwanzoni nilisononeka, baadaye nikaona nilikuwa nikidai kitu ambacho hakikuwahi kuwapo, yaani picha moja ya asili. Mchoro ambao Hokusai aliutia wino kwa mkono wake ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, na mchongaji akaukata pamoja na mti, akibakiza mistari peke yake ikiwa imeinuka. Kisha mchapaji alipaka rangi, akalaza karatasi ya nyuzi za mforsadi na kuisugua mgongoni kwa bareni, kisahani bapa kilichofunikwa ganda la mwanzi. Kwa kawaida kila rangi ilidai sehemu yake ya ubao, na alama mbili zilizochongwa pembeni ziliiongoza karatasi irudi pale pale. Ufundi huo wa rangi nyingi ulishamiri tangu mwaka 1765, kwa kalenda za mchoraji Suzuki Harunobu. Mchapishaji ndiye aliyegharimia kazi yote, na jina la mchongaji mara nyingi halikuandikwa popote.

Mchana nilifuata ukingo wa mto Sumida kuelekea kusini hadi daraja la Shin-Ohashi. Daraja la mbao ambalo Hiroshige, mchoraji mwingine wa picha za kuchapwa kwa ubao, alilionyesha mwaka 1857, watu wakilivuka mbio chini ya mvua ya ghafla, halipo tena. La sasa ni la mwaka 1977. Van Gogh, mchoraji wa Uholanzi ambaye hakuwahi kufika Japani, aliinakili picha hiyo kwa rangi za mafuta mwaka 1887.

Siku hiyo mvua haikunyesha. Niliegemea ukingo wa daraja nikimfikiria mchongaji, ambaye kwa kila uzi wa mvua ile alilazimika kuuondoa mti wa pande zote mbili, akibakiza ukuta mwembamba ambao kisu kikiteleza mara moja ungevunjika.