Onyesho letu la mavazi Wete: nilianza na sura nikaishia na harufu

Watu wengi wamenisimamisha njiani wakitaka kujua ile shoo ya vijana tuliifanyaje mpaka wazee wakakaa kitako wakaangalia mpaka mwisho, sa nimeona niandike yote kwa pamoja, yaliyokwenda vizuri na yale tuliyokosea, pengine kuna mtu Mkoani au Makunduchi anataka kufanya kama sisi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Wete, Pemba. Nashona sare za skuli, mabuibui, magauni ya harusi. Fasheni naipenda toka mdogo lakini hili jambo lilianzia ndani ya nyumba yetu. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 17, na mwaka jana nkaanza kuona uso wake unageuka, mashavu mekundu kama mtu aliekaa mbele ya jiko, lakini vifundo vya vidole vimebaki vyeusi vile vile, na mtu yeyote wa kwetu akiona vifundo vile anajua ni mkorogo. Nilimkalisha kitandani nkamuuliza kwa upole. Akalia kwanza, kisha akanambia, "Dada, nikieka picha yenye filta watu wote mashaallah mashaallah, nikieka sura yangu mwenyewe, kimya." Sikua na la kumjibu usiku ule.

Nikawaita vijana wa shehia yetu, tukapatikana 14, wasichana 9 na wavulana 5, nkawambia tufanye onyesho la mavazi na mada iwe uzuri ni nini. Wote wakafurahi, na mawazo ya mwanzo yakawa yale yale tunayoyaona kwenye TV, zulia jekundu, mekapu, taa, majaji watatu, mshindi avishwe taji. Nami nikakubali, hata magauni nkaanza kuyachora.

Sasa kuna binti wa jirani, ana miaka 16, haoni tangu utotoni. Huyu hupenda kuja kukaa kibandani kwangu jioni, anashika vitambaa, ukimpa poplini, satini na lasi anakutajia kila kimoja bila kukosea. Siku hio alikua ameshika kipande cha hariri, anatusikiliza tunavopanga taa zikae wapi. Akaniuliza, "Na mimi dada mtanieka wapi? Nikae nisikilize watu wanavopiga makofi?" Kibanda kizima kikanyamaza. Akaendelea, "Mimi mtu mzuri namjua kabla hajafika. Bibi yako akiwa bado yupo njiani mie nshajua anakuja, ana udi na asumini. Mdogo wako zamani alikua ananukia rihani, siku hizi ananukia dawa."

Mdogo wangu alikuepo. Aliinuka akatoka.

Michoro yangu yote nikaiweka pembeni. Tukapeana kazi moja tu, kila mtu arudi kwao amuulize mkubwa mmoja wa nyumba, zamani mkisema fulani mzuri mlikua mnakusudia nini hasa. Wiki nzima. Waliporudi nilikua naandika kwenye daftari la vipimo, na majibu yale wallahi bado ninayo. Mmoja babu yake kasema mwendo. Mwengine mama yake kasema kisigino, kwamba mwanamke akiwa na kisigino safi basi na jikoni kwake pasafi. Kauli. Meno. Kanzu iliyopigwa pasi ya makaa ikakatika mstari. Na katika watu 14, tisa walirudi na jibu la harufu. Bibi yangu mimi alinambia, "Mjukuu wangu, mzuri humjui akipita, unamjua akishapita."

Ukifikiria kweli ndivo tulivolelewa. Biharusi wa kwetu kabla hajapakwa hata wanja ameshasuguliwa singo siku kadhaa, ameshapakwa liwa, nguo zake zimefukizwa udi, kifuani ana kikuba cha rihani na asumini na langilangi. Harufu ya mtu haipigwi picha wala haitiwi filta. Hapo nikaona tumeshapata shoo, mtu amfikie mtazamaji puani na masikioni kabla ya macho, ili yule binti akae mstari wa mbele na asikose kitu.

Sharti la nguo likawa moja, usinunue mpya, vaa kitu ambacho unamjua alietia mkono wake.

Wazee nao walikua na wasiwasi wao na mimi sikuwalaumu, mtoto wa kike kupita mbele ya watu ni jambo linalotaka maelezo. Tulianzia kwa sheha, kisha tukaenda kukaa na wazee barazani baada ya sala ya ijumaa, mimi na baba yangu mdogo, mana mambo haya usiende peke yako. Tukakubaliana iwe baada ya alasiri na watu wawe washaondoka kabla ya maghribi, wanawake upande wao na wanaume upande wao, nguo zote za stara, na simu zote zibaki mlangoni. Hili la simu vijana walilipinga sana lakini mimi moyoni nilifurahi. Mzee mmoja maalim akaongeza la kwake, akasema msiwape nambari watoto wa watu, mkimvika mmoja taji nyumba 13 zitalia. Taji tukaliondoa siku ile ile. Baada ya hapo ndo tukafuatilia vibali vya maonyesho ya sanaa, na nawashauri mkifuatilie mapema kibali, msisubiri wiki ya mwisho.

Kwenye pesa tulibanwa. Kila kijana alitoa 5,000, hio ni 70,000, nami nkatia 60,000 yangu. Akatokea mwenye duka la vipodozi, akasema atatupa laki tatu tukitundika bango lake mlangoni. Nilikwenda dukani kwake kuongea nae, nkainua macho, rafu nzima ni vikopo vile vile vilivyokua chini ya mto wa mdogo wangu. Nilimshukuru nkatoka. Vijana wengine walinung'unika, laki tatu si mchezo, lakini nkawambia hatuwezi kuuliza uzuri ni nini huku jibu tumeshalitundika mlangoni.

Tulitaka iwe Mfunguo Mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, Idi Pili, tukashindwa, mafundi wote Ramadhani tunashona nguo za sikukuu mpaka daku, mashine hazina nafasi. Tukasogeza hadi Mfunguo Tatu, miezi miwili mbele. Mazoezi yalikua kibandani kwangu na nje ya kibanda, na ndani ya mazoezi hayo nilimualika nesi jirani yetu aje azungumze na wasichana. Hakuwatisha, aliwaeleza tu. Kwamba krimu nyingi za kuchubua zinakua na zebaki au haidrokwinoni, zebaki inazuia ngozi isitengeneze rangi yake, halafu inapenya inaingia mwilini inaharibu figo, na kwa mjamzito inamfikia mtoto. Akasema hata asiepaka anaweza kuipata kwa taulo, kwa mto na kwa hewa ya chumba. Mimi na mdogo wangu tunalala chumba kimoja. Akawahadithia na Minamata, mji wa Japani, ambako zebaki ya kiwanda ilimwagwa baharini ikaingia kwenye samaki na watu wakaumia vibaya, na mkataba wa dunia wa kupunguza zebaki uliopitishwa 2013 umepewa jina la mji ule na vipodozi vyenye zebaki vimo katika vitu vinavyokatazwa. Mdogo wangu alikaa nyuma, hakuuliza swali.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa majamvini. Mlangoni tulieka kapu kubwa la ukindu la simu na mvulana mmoja akawa anatia karatasi ya jina kila simu. Ndani tulieka vyetezo vitatu, na hapa ndipo nilipokosea. Upepo ulikua mkali tukafunga madirisha, moshi wa udi ukajaa, na mmoja katika vijana wetu ana pumu, mimi sikuwahi hata kuuliza nani ana pumu. Alianza kukohoa, kifua kikawa kinapiga filimbi, bahati pampu yake ilikua kwenye mkoba. Nilivitoa vyetezo vyote nje kwa mikono yangu, madirisha yakafunguliwa, tukasubiri karibu nusu saa mpaka kijana akatulia. Mama yake alinitazama na nilistahiki kutazamwa vile. Kwa hio atakaefanya shoo ya namna hii afukize nguo nyumbani usiku wa kuamkia, udi ushike kwenye kitambaa, ukumbini pasiwashwe kitu. Na aulize kwanza. Sisi kilichotuokoa ni kwamba nguo zilikua zimeshafukizwa usiku ule, na maua tulikua nayo tele.

Basi wakaanza kupita. Hatukueka muziki, tulisikia nguo. Kanga isiyowahi kufuliwa ina sauti yake, ile ya wanga, inafanya kama majani makavu, na makubadhi nayo yana mlio wao sakafuni. Kila mmoja akifika katikati anasimama, anasema amevaa nini na nani alitia mkono. Msichana mmoja alivaa buibui la kamba la marehemu bibi yake, lile la zamani la kufunga kichwani, akapita na mrashi wa marashi ya mawaridi anawanyunyizia wanawake mikononi, na upande wa kina mama kuna waliofuta machozi mana buibui lile wengi wao waliliona kwa mama zao.

Msichana mwengine alichagua kaniki. Mama yake alikua hataki kabisa, kaniki kwetu si nguo ya kujionyesha nayo. Yeye akasimama na ile nguo nyeusi isiyo na ua hata moja, akasema watumwa wa visiwa hivi walivishwa merikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na kaniki, na utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897 wanawake walioachwa huru wakaziacha wakavaa kanga za rangi, na hizi rangi tunazoziona za kawaida zina watu waliozisubiri. Akamtaja na Siti binti Saad, aliezaliwa Fumba mwaka 1880, akaja mjini akiuza vyungu, akachekwa sura yake na akachekwa kwamba katoka shamba na kaniki, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurikodi santuri na sauti yake ikafika Afrika Mashariki nzima. Alisema hayo bila karatasi. Mama yake alikua amekaa karibu na mimi, akanishika mkono akaubana.

Lakini kitu ambacho sitokisahau ni kofia. Kuna kijana wa miaka 19, anavua na baba yake, huyu alishona kofia ya mkono mwenyewe, tundu moja moja kwa sindano na uzi, alianza Shaabani akamaliza Mfunguo Tatu. Alipofika mstari wa mbele hakusema kitu, aliivua akamuekea yule binti asieona mapajani. Binti akaishika kwa mikono miwili. Akaanza kuipitisha vidole taratibu, kama anavosoma nukta nundu, anazunguka kutoka pindo kwenda juu, na ukumbi mzima unamsubiri, hata watoto. Akafika pahala akasimama, akarudi nyuma kidogo, akagusa tena. Akasema, "Hapa ulikua umechoka."

Kijana akainama akaangalia. Akasema ni kweli, pale alishona usiku walipotoka baharini bila samaki, mikono ilikua inamuuma akavuta uzi ovyo, na alitaka kupafumua akasahau. Binti akamwambia, "Usipafumue."

Walipita wengine watano baada ya hapo na walikua wazuri, ila mimi akili yangu ilibaki kwenye ile kofia, mana naishi kwa kushona na sijawahi mtu kuisoma kazi yangu namna ile. Mdogo wangu alikua wa mwisho. Alivaa kanga doti moja ya mama, ile aliyozawadiwa na shoga zake alipomzaa yeye, na hakupaka kitu usoni, yale mabaka ya mashavuni yakaonekana yote. Nilikua sijui kama atafanya hivo, hatukupanga. Sauti yake ilikua ndogo, akasema nguo hii ameshona pindo dada yangu, na harufu hii ni rihani ya uani kwetu. Akapita mbele ya binti wa jirani, na binti akanyanyua uso akasema kwa sauti, "Ndio yeye."

Kabla ya maghribi ukumbi ulikua mtupu. Pesa zilibaki 9,500, tukanunua sabuni tukafua majamvi.

Jumatatu asubuhi mdogo wangu alinigonga bega nikiwa bado nimelala, akanambia nimsindikize kwa nesi. Alikua na mfuko mweusi una vikopo vitatu ndani. Nesi akavipanga juu ya meza akavisoma kimoja kimoja, kimoja kilikua kimeandikwa kalomeli, akatwambia hio ni zebaki kwa jina jengine. Cha tatu hakikua na lebo yoyote. Akamuuliza amekipaka muda gani. Mdogo wangu akahesabu kwa vidole, akasema miezi saba, kisha akakisukuma kile kikopo upande wa nesi.