Kabla hujachukua Aussiedoodle
Mbwa wetu Chui katimiza miaka 2 leo, hapa Minnesota. Ni Aussiedoodle, yaani chotara wa Australian Shepherd na Poodle. Nampenda mno, ila natamani ningejua mapema kwamba huyu ni mbwa wa kazi. Ukoo wa mama yake ulichunga kondoo magharibi mwa Marekani (jina la Australia lisikuchanganye), na damu hiyo bado ipo. Watoto wakikimbia uani, anawazunguka na kuwabana visigino kwa meno wakae kundi moja. Si ukali, anachunga. Asipotembezwa asubuhi na jioni, anatafuna milango.

Tuliambiwa manyoya yake hayaleti mzio. Binti yangu bado anapiga chafya. Na manyoya yasiyodondoka hujisokota: tulipoacha kumchana wiki 2 ilibidi anyolewe mwili mzima, na ngozi chini ilikuwa nyekundu. Niliumia sana.

Jamani, kabla hamjalipa, ombeni majibu ya kipimo cha jeni ya MDR1. Hitilafu yake ni ya kawaida kwa Australian Shepherd, na mbwa aliye nayo akipewa dozi kubwa ya ivermectini (dawa ya minyoo na vimelea) anaweza kudhurika ubongo, hata kufa.