Nimemaliza The Wheel of Time

Juzuu la 14, la mwisho katika mfululizo huu wa riwaya za kifantasia ulioanzishwa na Robert Jordan, limekwisha jana usiku, na leo nzima nimeshindwa kushika kitabu kingine. Naandika wakati bado lina moto. Kama uko katikati ya mfululizo huu, ishia hapa, maana nitataja nani anakufa.

Nianze na malalamiko ambayo kila msomaji wake anayo, ya vitabu vya katikati. Ni ya haki. Crossroads of Twilight, juzuu la 10 lililotoka mwaka 2003, linatumia kurasa nyingi mno kuonyesha watu waliotawanyika huku na kule wakishangaa tukio moja tulilokwisha kulishuhudia mwishoni mwa juzuu la 9. Faile, mke wa Perrin, mmoja wa mashujaa, anatekwa mwishoni mwa juzuu la 8, la mwaka 1998. Anakombolewa juzuu la 11, mwaka 2005. Mimi nilikuwa navyo vyote mkononi. Waliovisoma vikitoka walimsubiri huyo mama miaka saba, huku Perrin hana wazo jingine kichwani ila mke wake. Aliyekata tamaa hapo simlaumu hata kidogo.

Lakini baada ya kumaliza, nasimama upande wa urefu. Sababu yangu ni sura moja ya Knife of Dreams, hilo juzuu la 11, inayomhusu Nynaeve.

Tulimkuta Nynaeve kwenye kitabu cha kwanza, mwaka 1990, mganga wa kijiji, kijana, mwenye hasira za karibu, anavuta msuko wa nywele zake kila akiudhika. Kwa maelfu ya kurasa ameudhika na ameuvuta. Sasa ni mke wa Lan, mfalme asiye na nchi, kwa sababu nchi yake, Malkier, ilimezwa na Ukiwa, nyika ya uovu iliyo kaskazini, yeye angali mtoto mchanga. Lan anataka kwenda Tarwin's Gap, njia ya milimani inayoelekea huo Ukiwa, kupigana peke yake na kufa huko. Nynaeve hamzuii. Anamuapisha kwamba hatamfukuza mtu yeyote atakayetaka kufuatana naye, kisha kwa uwezo wake wa kufungua njia anamshusha magharibi kabisa, ufukweni mwa bahari, ili mume wake alazimike kuvuka Nchi za Mpakani zote juu ya farasi. Halafu anamtangulia. Anamwendea mfanyabiashara wa vito aliye Mmalkieri, anamtajia jina lake la ndoa, anamwambia mume wangu yuko njiani, je, ataachwa aende peke yake?

Nililia. Sura hiyo ni fupi, na ukimpa mtu asiyewajua hawa wawili atakuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa nimeishi na ukaidi wa Lan na hasira za Nynaeve muda mrefu, ndiyo maana hila ile ya mapenzi ilinivunja. Katika juzuu tatu isingewezekana.

Robert Jordan alikuwa askari wa Marekani Vietnam, mpiga bunduki wa helikopta, na hilo unalihisi. Vita vya Dumai's Wells mwishoni mwa juzuu la 6 ni ushindi unaotia kichefuchefu. Rand, shujaa mkuu wa hadithi, ameokolewa, na hakuna cha kushangilia.

Jordan alifariki Septemba 2007 akiwa na miaka 58, kazi haijakamilika. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamchagua Brandon Sanderson amalizie kwa kutumia maandishi na maelezo aliyoacha marehemu. Kitabu kimoja kilichobaki kikawa vitatu, cha mwisho Januari 2013. Tofauti ya mkono inaonekana. Mat, rafiki wa Rand, katika juzuu la 12 anasema sana na utani wake unalazimishwa. Siyo Mat ninayemfahamu. Ila Egwene, msichana wa kijiji kimoja na Rand, akiwa mfungwa ndani ya Mnara Mweupe, makao ya wanawake wenye uchawi, anachapwa kila siku na haupigi magoti moyo wake, hizo ni kurasa bora kuliko zote alizowahi kupewa.

Ndiyo maana kifo chake kimeniacha na donge. Anakufa katika pigano la mwisho, na namna anavyokufa inamstahili, sina neno. Neno langu ni kinachofuata. Msiba wake unapitishwa haraka, tunakimbizwa kwenye moto wa maziko ya Rand, ambaye msomaji anajua kabisa kwamba hajafa. Mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, aliyepanda hadi kiti cha Amyrlin, mkuu wa Mnara huo, alistahili sura yake mwenyewe, wazazi wake wapewe habari, wanawake wa kwao Two Rivers wamlilie. Baada ya kutuzungusha juzuu zima la 10, nafasi hiyo ingepatikana.