Kijiti cha machozi kinachoyeyuka ndani ya jicho

Vumbi la Kisumu wakati wa kiangazi humchosha mtu mwenye macho makavu, na mwendesha boda asiye na kioo kwenye helmeti huumia zaidi. Matone yakiwa hayatoshi, daktari wa macho anaweza kuandika Lacrisert: kijiti cha miligramu 5 za hidroksipropili selulosi (kitu kinacholainika kikipata unyevu), urefu milimita 3.5, unene milimita 1.27, yaani kidogo kuliko punje ya mchele. Hakina kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia dawa isiharibike. Kwa kawaida hutiwa mara moja kwa siku. Wengine huhitaji mara mbili.

Nawa mikono, uikaushe. Simama mbele ya kioo, ukichukue kijiti kwa ncha ya kifaa chake. Vuta kope la chini mpaka lifanye mfuko mdogo, kisha kilaze mle ndani, chini kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea: wanakiacha juu juu, karibu na mboni, nacho kinakwaruza konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Achilia kope, tazama chini, funga jicho taratibu. Tafadhali usilifikiche! Kulifikicha ndiko hukisogeza au kukitoa.

Kikilainika, utomvu wake huufanya ute wa machozi ukae zaidi juu ya jicho. Lakini pia huleta ukungu wa kuona, kwa hiyo usishike pikipiki mpaka uone vizuri. Kope zikigandamana asubuhi, zioshe kwa maji safi ya uvuguvugu.

Jicho likiuma au likiwa jekundu sana, rudi kliniki siku hiyo hiyo.