Baada ya Pepo Kutoka

Jumapili, usiku.

Leo tumemaliza msimu wa kwanza wa The Exorcist, tamthilia ya televisheni kuhusu mapadri wanaopunga pepo, iliyoanza kuonyeshwa nchini Marekani mwezi Septemba 2016, na tangu tulipozima televisheni nimekaa nikijiuliza kwa nini sikuweza kuchangia lolote katika mazungumzo yaliyofuata. Tulikuwa wanne: mama, dada yangu mkubwa, rafiki yetu ambaye ni muuguzi wa wagonjwa wa akili, na mimi. Sehemu kumi zimetuchukua majuma matatu, na karibu kila usiku tuliagana tukiwa bado tunabishana.

Dada alitazama kama mtu aliye ibadani. Kila padri alipoanza kusali, midomo yake ilicheza pamoja naye, na zaidi ya mara moja nilimsikia akiitikia “Amina” kwa sauti ya chini bila mwenyewe kujua. Hakuogopa pepo hata kidogo. Waliomkera ni mapadri. Mmoja, Tomas Ortega, ni paroko kijana wa Chicago ambaye anaingia katika vita asivyovijua, na mwenzake, Marcus Keane, amefundishwa kupunga pepo tangu akiwa mtoto, naye ameibeba kazi hiyo kwa ghadhabu inayomfikisha pabaya mbele ya wakuu wa Kanisa. Dada alirudia kusema kwamba padri hana ruhusa ya kuingia tu katika chumba cha mgonjwa na kuanza kumkemea shetani kwa sababu moyo wake umemtuma. Katika hili yuko sahihi. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka kibali maalumu na cha wazi cha askofu wa mahali, na inasema kibali hicho apewe padri mwenye uchaji, elimu, busara na maisha manyofu. Tamthilia inaijua sheria hiyo, lakini inaipita haraka, kwa kuwa padri anayengoja barua ya askofu hawezi kubeba hadithi ya sehemu kumi.

Rafiki yetu muuguzi aliona kitu kingine kabisa. Mbele yake kulikuwa na binti asiyelala, anayesikia sauti, anayezungumza na mtu ambaye wengine hawamwoni, na familia inayochelewa kutafuta msaada kwa sababu ya aibu. Aliniambia kwamba amewahi kupokea wagonjwa waliofikishwa hospitali wakiwa wamechoka kwa kufunga na kukesha, baada ya miezi ya maombi, na kwamba hawezi kuvitazama vitu hivi kama burudani. Kisha akatusimulia habari za Anneliese Michel, mwanafunzi wa Kijerumani aliyekuwa na kifafa, ambaye alifanyiwa ibada ya kupunga pepo mara 67 kati ya mwaka 1975 na 1976, akakataa chakula, na akafa tarehe 1 Julai 1976 akiwa na umri wa miaka 23 na uzito wa takriban kilo 31. Mwaka 1978 mahakama iliwatia hatiani wazazi wake pamoja na mapadri wawili kwa uzembe uliosababisha kifo. Dada hakuwa na jibu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa upole kwamba waliokuwa katika chumba kile walimpenda binti yule. Muuguzi akamjibu, “Najua, dada. Ndiyo maana inaniuma.”

Naandika haya kwa sababu watu hudhani kwamba mjadala juu ya tamthilia za namna hii ni kati ya wenye imani na wasio nayo, na mimi sikuuona hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yenyewe, katika ibara ya 1673, inasema kwamba ugonjwa, hasa wa akili, ni jambo tofauti kabisa na kupagawa, kwamba kuutibu ni kazi ya sayansi ya tiba, na kwamba ni muhimu kuhakikisha kuwa kilichopo si ugonjwa kabla ya kufanya ibada hiyo. Kwa hiyo dada kwa upande wake na muuguzi kwa upande wake walikuwa wanataka kitu kilekile: mtu mwenye busara asimame mlangoni kabla ya mlango kufungwa. Walibishana majuma matatu kuhusu pepo, ilhali walikubaliana kuhusu mlango.

Lakini hata walipokubaliana, bado kulikuwa na mtu ambaye hakuna aliyemtaja. Jina lake ni Casey. Ndiye anayefungwa kitandani, ndiye ambaye ngozi yake inapasuka na sauti yake kugeuka, na tulipomtazama tulitaja macho yake, shingo yake, nguvu zake, na ufundi wa waliompaka rangi, kama vile watu wanavyotaja sifa za nyumba iliyoungua. Nami nilikuwa miongoni mwao.

Katikati ya msimu huo hadithi inafunua siri yake. Mama yake Casey, Angela, aliyeigizwa na Geena Davis, si mgeni wa mambo haya: yeye ndiye Regan, yule msichana wa miaka 12 aliyepagawa katika filamu ya The Exorcist ya mwaka 1973, ambaye amekua, amebadili jina, ameolewa na kuzaa mabinti wawili, na hajamwambia mtu yeyote nyumbani mwake yaliyompata. Wenzangu walipiga kelele za furaha, maana ni raha kuona hadithi mpya ikifungamana na ile ya zamani. Mimi nilihisi baridi mgongoni. Wakati wa filamu ile, habari zilizovuma zilihusu watazamaji: nani alizimia ukumbini, nani alitapika, nani alitoka kabla ya mwisho. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwandishi wa tamthilia hii alirudi kwa yule mtoto na kuuliza ameishije tangu siku ile, na jibu alilotoa ni kwamba ameishi kwa kujificha. Sijui kama katika tamthilia nzima kuna wazo lenye ukweli kuliko hilo.

Nina sababu yangu ya kusema hivyo, na sijawahi kuiandika.

Nilipokuwa na miaka 15, mwanafunzi mwenzangu, ambaye tulikuwa tukikaa dawati moja, alianguka usiku katika bweni letu akipiga mayowe kwa sauti isiyokuwa yake. Waliitwa watu wa kumwombea. Waliomba mpaka karibu na alfajiri, na sisi wengine, badala ya kupelekwa mbali, tulipanda juu ya vitanda ili tuone vizuri. Nakumbuka nilimsukuma mtu aliyenizibia. Nakumbuka pia kwamba sketi yake ilikuwa imepanda na hakuna hata mmoja wetu aliyeona haja ya kumfunika. Ilipotangazwa kwamba ametoka salama tulishangilia na kuimba, kisha tukaenda kulala, na kwa juma zima hatukuwa na habari nyingine ya kusimulia.

Siku ya nne alirudi darasani. Alikuwa amesuka nywele upya na alikuwa na daftari jipya, na alikuja moja kwa moja kwenye dawati letu, akanisalimu. Nilimwitikia. Mapumziko yalipokwisha nilikuwa nimeshahamia dawati la nyuma. Mwalimu hakuuliza, naye hakuuliza. Alikaa peke yake mpaka muhula ulipokwisha, na muhula uliofuata hakurudi.

Ni kwa ajili yake kwamba kifungu kimoja cha kitabu cha ibada ya kupunga pepo, kile ambacho Vatikano ilikitoa baada ya kukipitisha mwaka 1998 kuchukua mahali pa taratibu za mwaka 1614, kinanigusa kuliko sala zote zilizomo. Kinaagiza kwamba tendo hilo lisigeuzwe maonyesho kwa waliohudhuria, kwamba vyombo vya habari visiruhusiwe, na kwamba padri na walioshuhudia wasiende kulitangaza baadaye. Zamani nilidhani ni usiri wa watu wanaoficha jambo. Sasa nadhani aliyeuandika mstari huo alikuwa anamfikiria mtu ambaye kesho yake atapaswa kupita njiani mbele ya majirani. Tamthilia haiwezi kuutii mstari huo, kwa kuwa kazi yake ni kuonyesha, na siilaumu kwa hilo: Casey ni mhusika tu, na mwigizaji wake ameenda zake nyumbani. Ninachojiuliza ni mazoea gani ya kutazama tunayojenga tukiwa tumekaa kwenye makochi, na kama tutaweza kuyaacha siku ambayo anayelia si mwigizaji.

Dada, aliponiona kimya, alifungua Injili ya Marko sura ya 5 na kutusomea habari za mtu wa makaburini aliyepagawa na Legioni, pepo wengi ambao Yesu aliwatoa wakawaingia nguruwe. Nimeisikia tangu utotoni, na siku zote nilikumbuka nguruwe wapatao 2,000 wakiporomoka baharini. Usiku huu nilisikia kilichofuata. Watu wa mji wanakuja kuona kilichotokea, wanamkuta yule mtu ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, na hapo ndipo maandiko yanaposema kwamba waliogopa. Alipokuwa akijikatakata kwa mawe walimzoea. Waliogopa alipopona. Naye, akionekana kuelewa vizuri sana maisha yanayomngoja katika mji ule, anaomba aruhusiwe kuondoka na Yesu, na anakataliwa. Anaambiwa arudi nyumbani, kwa watu wake.

Dada alifunga kitabu akasema kwamba huo ni ushindi mkubwa. Muuguzi alisema kwamba wagonjwa wake wengi huogopa siku ya kuruhusiwa kuliko siku ya kulazwa. Mama, ambaye kwa majuma matatu alikuwa amekaa kimya, akigeuza uso kila binti alipofungwa kitandani, ndiye aliyeuliza, “Na huko nyumbani walimpokea?”

Hakuna aliyemjibu, maana Marko haandiki walimpokeaje. Mama alinitazama. Yeye ndiye aliyenipokea mwisho wa muhula ule, na ndiye pekee niliyemsimulia yaliyotokea bwenini, ingawa sikumwambia kuhusu dawati.

“Yule mwenzako,” akasema, “ulinisimulia alivyoanguka. Hukuwahi kunisimulia alivyorudi.”

Basi usiku huu nimemsimulia, mbele ya wote. Jina lake lipo katika kundi la simu la wanafunzi wa darasa letu, aliongezwa mwaka jana, na hajawahi kuandika neno. Nimefungua ukurasa wake na kuanza salamu mara tatu. Ile ninayotaka kuituma ina sentensi moja tu kuhusu dawati, na haimwulizi chochote.