Jinsi nilivyoacha kusoma na kusahau

Tatizo langu halikuwa uvivu, nasoma sana tu, ila ukiniuliza wiki mbili baadae kitabu kilisema nini nabaki natoa macho. Na nilikuwa napiga mistari kwa kalamu ya rangi karibu kila ukurasa, narudia sura mara tatu, najiona nimeelewa kabisa, kumbe nimeyazoea tu maneno kwa macho.

Nikaja kusoma habari za Ebbinghaus, yule Mjerumani aliyejipima kumbukumbu mwenyewe akatoa matokeo 1885, kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni halafu kasi inapungua. Halafu kuna jaribio la watafiti wa kumbukumbu, Roediger na Karpicke, la 2006, wanafunzi waliorudia kusoma walifanya vizuri dakika tano baadae, ila baada ya wiki waliojipima kwa kuandika walichokumbuka ndo walikumbuka zaidi. Hapo nikashtuka kweli.

Sa hivi nikimaliza sura nafunga kitabu, nachukua karatasi tupu naandika chochote kilichobaki kichwani, ndo nafungua kuona nimeruka wapi. Kesho yake tena, baada ya siku tatu tena, halafu wiki. Mwanzoni karatasi inabaki nusu tupu na inaumiza, usiache.

Ila kilichonisaidia zaidi ni kutumia. Nilisoma sura ya bajeti, siku hiyohiyo nikaandika matumizi yangu ya mwezi mzima, hesabu zikagoma kulingana, nikarudi kitabuni na swali langu mwenyewe, na ile sehemu mpaka leo naweza kukufundisha bila kufungua ukurasa.